Dawa ya maumivu ya baba si ya nyumba nzima

Katika nyumba nyingi za Musoma, Bunda na Butiama kuna pakiti moja ya vidonge ambayo haitulii mahali pamoja. Baba ameinunua baada ya kuvuta nyavu za dagaa usiku kucha, mgongo ukiwa hauinuki. Jioni bibi anaomba kimoja kwa ajili ya magoti. Kesho yake mama mwenye ujauzito anameza kimoja kwa sababu kiuno kinamuuma, binti anachukua kingine kwa tumbo la hedhi, na usiku mtoto mdogo anapochemka, kidonge kinakatwa nusu na kusagwa kwenye kijiko.

Mara nyingi pakiti hiyo ni ya diklofenaki. Hakuna aliyeitumia kwa nia mbaya. Kila mmoja alikuwa na maumivu ya kweli, na dawa hiyo kweli hutuliza. Lakini kidonge kinachomfaa baba kwa siku mbili kinaweza kumtapisha bibi damu, kudhuru figo za mtoto aliye tumboni, au kuficha malaria ya mtoto anayechemka. Ndiyo maana mzazi anahitaji kujua dawa hii inafanya nini mwilini kabla ya kuigawa.

Inatuliza wapi, inadhuru wapi

Diklofenaki ina ndugu zake: ibuprofeni, indometasini, meloksikamu, piroksikamu na aspirini. Zote ni dawa za kutuliza maumivu na kupunguza uvimbe. Mwaka 1971 mtafiti wa Uingereza, John Vane, alieleza jinsi zinavyofanya kazi, na mwaka 1982 akawa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Mwili unapoumia hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo ndizo zinazochangia maumivu, joto na uvimbe. Dawa hizi huzuia zisitengenezwe, na mtu anapata nafuu.

Tatizo ni kwamba kemikali hizo hizo zina kazi nyingine mwilini. Tumboni hulinda ukuta wa tumbo usichomwe na asidi. Kwenye figo husaidia damu iendelee kufika, hasa mtu anapopungukiwa maji. Kidonge hakichagui goti na kuliacha tumbo. Kinapopunguza uvimbe wa goti, kinapunguza pia ulinzi wa tumbo na wa figo.

Hapo ndipo ushauri wa kumeza dawa baada ya kula unapotoka. Chakula hupunguza kichefuchefu na kuungua kwa tumbo. Hata hivyo hakiondoi hatari yote, kwa sababu dawa ikishaingia kwenye damu huufikia ukuta wa tumbo kwa ndani. Kwa sababu hiyo hiyo, anayekwepa vidonge na kuchomwa sindano ya diklofenaki bado anaweza kupata vidonda vya tumbo. Na aliyechomwa sindano asubuhi kisha akameza vidonge jioni ameongeza dawa ile ile juu ya nyingine.

Parasetamoli, ambayo wengi huiita Panadol, si ya kundi hili. Haipunguzi uvimbe sana, lakini ni laini zaidi kwa tumbo na figo ikitumika kwa kipimo sahihi. Kwa homa na maumivu ya kawaida, ndiyo ya kuanza nayo. Nayo ina kikomo: mtu mzima asizidishe vidonge viwili vya miligramu 500 kwa mara moja, wala vidonge 8 kwa saa 24, maana ikizidi huharibu ini.

Jina kubwa na maandishi madogo

Makosa mengi huanzia kwenye jina. Voltaren ni diklofenaki. Brufen ni ibuprofeni. Diclopar ina diklofenaki na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja. Mtu anayemeza Diclopar, kisha akaongeza Panadol na kidonge cha diklofenaki alichopewa na jirani, anadhani ametumia dawa tatu tofauti. Kumbe amerudia zile zile mbili.

Jina kubwa kwenye pakiti ni la biashara. Jina la dawa yenyewe huandikwa kwa herufi ndogo chini yake, pamoja na kiasi kwa miligramu. Hilo ndilo la kusoma. Kanuni ni rahisi: dawa mbili za kundi hili hazimezwi pamoja. Diklofenaki haichanganywi na ibuprofeni, wala ibuprofeni na indometasini, hata kama maumivu ni makali.

Ugumu huja pale vidonge vinaponunuliwa vitatu au vinne, vikakatwa kutoka kwenye pakiti na kufungwa kwenye kibahasha. Jina hubaki dukani, na tarehe ya kuisha muda nayo hubaki huko. Mnunuzi ana haki ya kuomba muuzaji aandike kwenye kibahasha jina la dawa, miligramu zake, mara ngapi kwa siku na kwa siku ngapi. Kazi hiyo haichukui dakika moja.

Baba: maji, pombe na siku

Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine, diklofenaki hutumika kwa kawaida miligramu 50 mara mbili au tatu kwa siku, na isizidi miligramu 150 kwa siku nzima. Ibuprofeni inayonunuliwa bila cheti cha daktari ni miligramu 200 hadi 400 kwa mara moja, isizidi miligramu 1,200 kwa siku. Vipo vidonge vya diklofenaki vya miligramu 100 vinavyotoa dawa polepole. Hivyo ni kimoja kwa siku, na havikatwi wala kutafunwa.

Kipimo kidogo kinachotosha, kwa siku chache zaidi, ndicho salama. Maumivu yasipopungua ndani ya siku tatu hadi tano, mgonjwa aende zahanati au kituo cha afya. Mgongo unaouma kila wiki unaweza kuwa na sababu inayohitaji kupimwa, na pakiti ya tano haitaionyesha.

Kazi za Mara zina hatari yake. Mchimbaji mdogo wa Buhemba, wilayani Butiama, anatoka jasho shimoni kutwa nzima. Mkulima wa pamba wa Bunda anapalilia juani. Mwili uliokauka maji unategemea sana zile prostaglandini ili figo zipate damu. Akimeza diklofenaki akiwa na kiu, kisha akaendelea na kazi, figo zinaweza kuathirika ghafla. Anywe maji kwanza, ale, ndipo ameze. Akiwa anaharisha au anatapika, aiache kabisa mpaka apone.

Pombe nayo huchubua tumbo. Mtu aliyekunywa bia nyingi au gongo kisha akameza dawa hii kwa ajili ya kichwa cha asubuhi anaongeza uwezekano wa kutokwa na damu tumboni.

Bibi: presha, moyo na figo

Bibi ndiye mwenye magoti yanayouma zaidi, na ndiye aliye hatarini zaidi. Umri ukiwa umepita miaka 65, vidonda vya tumbo hutokea kwa urahisi na mara nyingine bila maumivu ya kumwonya. Damu hutoka kidogo kidogo hadi mtu anaishiwa nguvu.

Kama bibi anatumia dawa za presha, hali ni nzito zaidi. Dawa hizi za maumivu hufanya mwili ushike chumvi na maji, presha ikapanda, na hupunguza nguvu ya dawa za presha kama kaptoprili, enalaprili na losatani. Mgonjwa anayetumia mojawapo ya hizo pamoja na dawa ya kukojoza, kisha akaongeza diklofenaki, anaziweka figo zake kwenye hatari ya kushindwa kazi.

Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilielekeza kwamba diklofenaki isipewe watu wenye ugonjwa wa moyo wa kuziba mishipa, wenye moyo kushindwa kufanya kazi vizuri au waliowahi kupata kiharusi, kwa sababu huongeza uwezekano wa mishipa ya damu kuziba. Bibi aliyewahi kupooza upande mmoja hapaswi kupewa kidonge cha baba.

Kwa magoti, aanze na parasetamoli, aoshwe kwa maji ya uvuguvugu, na atumie fimbo ya kutembelea. Jeli ya diklofenaki ya kupaka huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo kuliko kidonge, hivyo anaweza kumuuliza mhudumu wa afya kama inamfaa. Asiipake penye kidonda.

Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye tenofoviri naye anapaswa kusema dukani au kliniki kabla ya kupewa diklofenaki, kwa kuwa dawa hizo mbili zikikutana zinaweza kuumiza figo. Si lazima aeleze ugonjwa wake mbele ya wateja wengine. Anaweza kuomba kuzungumza pembeni, au kuuliza kliniki siku ya kuchukua dawa.

Nguvu ya diklofenaki kwenye figo imeonekana hata kwa ndege. Mwaka 2004 watafiti waligundua kwamba tumbusi wa Asia Kusini, ndugu wa hawa wanaozunguka juu ya mizoga ya Serengeti, walikuwa wakifa kwa wingi baada ya kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki. Figo zao zilishindwa kazi. Mwaka 2006 India, Pakistan na Nepal zilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo. Figo za binadamu hustahimili zaidi kuliko za tumbusi. Hata hivyo, familia inayofuga karibu na hifadhi, kama zilivyo nyingi wilayani Bunda, isimpe ng'ombe vidonge vya kabatini.

Mama mjamzito

Kwa mjamzito, dawa hizi hazinunuliwi tu. Kuanzia wiki ya 20 zinaweza kuathiri figo za mtoto aliye tumboni, na maji ya uzazi yakapungua. Mimba inapokaribia miezi saba na kuendelea, zinaweza kuziba mapema mshipa muhimu karibu na moyo wa mtoto. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya wajawazito waziepuke kuanzia wiki hiyo ya 20. Hata kabla ya hapo asizitumie bila kuelekezwa na mhudumu wa afya.

Parasetamoli ndiyo ya kwanza kwake, kwa kipimo cha kawaida na kwa muda mfupi. Kuna jambo moja la kutofautisha: baadhi ya wajawazito huandikiwa aspirini ya kipimo kidogo ili kuzuia kifafa cha mimba. Hao wasiiache kwa kuogopa. Waulize kliniki.

Maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, au maumivu ya juu ya tumbo wakati wa ujauzito si ya kutulizwa nyumbani kwa kidonge chochote. Hizo ni dalili za hatari, na safari ya kituo cha afya ianze saa hiyo hiyo.

Akishajifungua na kunyonyesha, ibuprofeni kwa kawaida inakubalika, maana inayopita kwenye maziwa ni kidogo sana. Amweleze muuzaji kwamba ananyonyesha.

Binti wa hedhi

Kwa maumivu ya hedhi dawa za kundi hili husaidia kweli, kwa sababu prostaglandini ndizo zinazobana mfuko wa uzazi. Binti wa miaka 12 na kuendelea, asiye na vidonda vya tumbo, pumu inayochochewa na dawa hizi wala ugonjwa wa figo, anaweza kutumia ibuprofeni baada ya kula uji au chakula, maumivu yanapoanza, kwa siku moja hadi tatu. Kusubiri mpaka ajikunje sakafuni huifanya dawa ichelewe kusaidia.

Mzazi amwonyeshe pakiti na kumwambia kipimo. Asiachiwe kuuliza wenzake shuleni. Na kama maumivu yanamkosesha masomo kila mwezi hata baada ya dawa, apelekwe hospitali.

Mtoto anayechemka

Hapa ndipo kosa la kidonge kilichokatwa nusu linapotisha. Nusu ya kidonge cha diklofenaki cha miligramu 50 ni miligramu 25. Madaktari wanapompa mtoto mwenye ugonjwa wa viungo dawa hii, humpa miligramu 1 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito kwa siku nzima, tena kwa kugawanya. Mtoto wa kilo 10 aliyelishwa ile nusu amepata kwa mkupuo mmoja karibu kiasi cha juu kabisa cha siku nzima. Tena vidonge vingi vya diklofenaki vina ganda la kuzuia visiyeyukie tumboni. Vikisagwa, kinga hiyo inapotea.

Kwa homa ya mtoto, dawa ya kuanza nayo ni parasetamoli ya maji, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo kwa mara moja, si zaidi ya mara nne kwa saa 24. Uzito wake umeandikwa kwenye kadi ya kliniki, kwa hiyo kadi iende dukani pamoja na mzazi. Apimiwe kwa kipimo kilichokuja na chupa. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani.

Ibuprofeni ya watoto ipo, lakini mtoto wa chini ya miezi mitatu haipewi bila daktari. Isitumike kwa mtoto mwenye tetekuwanga, wala anayeharisha na kutapika. Huyo anahitaji maji ya chumvichumvi, yaani ORS, na kituo cha afya. Aspirini haipewi mtoto wa chini ya miaka 16 bila daktari, kwa sababu inahusishwa na ugonjwa adimu unaoharibu ubongo na ini. Baadhi ya vidonge vya kichwa vya mchanganyiko vina aspirini ndani yake, na hilo pia huandikwa kwa herufi ndogo.

Zaidi ya yote, Mara ni mkoa wenye malaria. Dawa ya maumivu ikishusha joto, mtoto huamka na kucheza, na wadudu wanaendelea kuzaana kwenye damu. Homa ya mtoto ipimwe siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi. Akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu au akilegea, asisubiriwe asubuhi.

Magonjwa mawili ya Kanda ya Ziwa

Kichocho cha matumbo kimeenea kando ya Ziwa Victoria. Mtu aliyeishi nacho miaka mingi bila tiba anaweza kupata uharibifu wa ini, bandama kuvimba na mishipa ya damu kututumka kwenye koo la chakula. Mishipa hiyo ikipasuka, hutapika damu nyingi. Kwa mtu wa namna hiyo, diklofenaki huongeza hatari ya kutokwa damu. Mvuvi au mkazi wa kando ya ziwa mwenye tumbo lililojaa, au aliyewahi kutapika damu, asiiguse. Apimwe kichocho na apate tiba yake.

Ugonjwa wa pili ni selimundu. Mtoto mwenye selimundu hupata maumivu makali ya mifupa, na daktari anaweza kuagiza ibuprofeni au diklofenaki kwa muda mfupi. Lakini ugonjwa wenyewe huchosha figo, kwa hiyo dawa ifuate maelekezo ya kliniki yake, maji yawe mengi, na mzazi asiongeze dozi mwenyewe.

Dalili za kuacha dawa na kwenda hospitali

Yeyote anayetumia dawa hizi aache na awahi hospitali akiona mojawapo ya haya:

- kinyesi cheusi kinachong'aa kama lami na chenye harufu kali;
- kutapika damu au kitu kinachofanana na mashapo ya kahawa;
- maumivu makali ya tumbo yaliyoanza ghafla;
- mkojo kupungua sana, au miguu na uso kuvimba;
- vipele mwili mzima, midomo kuvimba au kupumua kwa shida;
- maumivu ya kifua, kupooza upande mmoja au kushindwa kuongea.

Vidonge vya kuongeza damu ambavyo wajawazito hupewa navyo hufanya kinyesi kuwa cheusi, bila damu yoyote kutoka. Mwenye shaka aende apimwe. Na anapokwenda, abebe pakiti au kibahasha cha dawa, ili mhudumu ajue kilichomezwa.

Maneno ya kusema dukani

Muuzaji wa duka la dawa hawezi kujua asichoambiwa. Mzazi anayesema tu "nipe dawa ya maumivu" atapewa dawa ya mtu wa kawaida. Aseme mambo manne: dawa ni ya nani na ana umri gani, ana ujauzito au la, ana vidonda vya tumbo, presha, pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo au wa figo, na dawa gani nyingine anatumia sasa, zikiwemo za asili. Akishapewa, aulize swali moja: ndani yake kuna nini?

Nyumbani, kila dawa iwe na jina la mwenyewe lililoandikwa kwa kalamu, na ziwekwe juu, mahali ambapo mtoto hafiki. Zilizokosa jina au zilizopita muda zipelekwe kwenye zahanati au duka la dawa kuulizia namna ya kuziteketeza. Kazi hiyo inaweza kufanyika leo jioni baada ya chakula: kumwaga vidonge vyote mezani, kusoma herufi ndogo pamoja na binti mwenye macho makali, na kutenga kila ambacho hakuna anayeweza kusema ni cha nani.